Robo Saa ya Hasira

Mwezi wa pili mwaka wa 1967, Absalom Nyawade aliitwa Mahakama Kuu ya Kisumu awe mmoja wa wazee watatu wa baraza katika kesi ya mauaji. Siku hizo jaji hakuketi peke yake kwenye kesi za namna hiyo. Wazee watatu wenye sifa njema walikaa kando yake, wakasikiliza mashahidi wote, na mwisho kila mmoja akasema kwa kinywa chake kama anamwona mshtakiwa ana hatia au hana. Jaji hakulazimika kuwafuata, ila aliyaandika waliyosema.

Absalom alikuwa mtu wa kuitwa. Alikuwa seremala wa Reli pale bandarini, mwenye miaka hamsini na miwili, akitengeneza milango na vitanda vya meli. Jumapili alikuwa msomaji wa kanisa katika ibada ya Kiswahili, iliyokusanya Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu na wengine walioletwa mjini na kazi. Hakunywa, hakuvuta, na hakuna aliyepata kumsikia akipaza sauti. Mkewe Dorca alimpigia pasi koti lake jeusi, naye akaenda mahakamani na fahari kidogo ambayo hangeikiri.

Mshtakiwa aliitwa Tom Oyare, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mshona nyavu wa Dunga. Alishtakiwa kumuua Enos, mdogo wa marehemu baba yake. Mambo yenyewe hayakubishaniwa. Baba yake Tom alipofariki, Enos alitaka kumrithi mjane, Lornah, kama desturi ilivyokuwa. Lornah alikuwa mshirika wa kanisa, akakataa, na akaendelea kukataa kwa miaka miwili. Asubuhi moja Enos alimwendea nyumbani akampiga kwa kafi hadi jicho lake la kushoto likaharibika. Jirani alimkimbilia Tom ufukoni. Tom alimkuta mama yake chini, karibu na mafiga. Akambeba, akamlaza kitandani, akamfunika leso. Kisha akachukua panga akatembea kwenda kwa Enos.

Ilikuwa mwendo wa robo saa. Zamani haungefika hata nusu ya hapo, lakini tangu mvua kubwa zilizotangulia Uhuru ziwa lilikuwa limepanda na kumeza njia ya chini, ikawa lazima mtu azunguke kwa juu. Alimkuta Enos anakula.

Kesi nzima ikaja kusimama juu ya robo saa hiyo. Kama Tom angempiga Enos pale pale alipomwona mama yake chini, sheria ingesema ameua kwa hasira, naye angefungwa miaka kadhaa. Lakini kama hasira ilikuwa imepata nafasi ya kupoa, na bado akaenda, hayo yalikuwa mauaji ya kukusudia, na adhabu yake ilikuwa moja tu, kamba. Tena kulikuwa na bibi mmoja mzee aliyekutana na Tom njiani. Akasema kijana alimwamkia vizuri, akamuuliza habari za mguu wake uliokuwa ukimsumbua. Wakili wa serikali aliing'ang'ania salamu hiyo siku nzima.

Siku ya nne jaji, Mzungu mmoja mwenye kikohozi, aliwageukia wazee. Mzee wa kwanza akasema ana hatia. Wa pili akasema kijana aliua kwa hasira ya mama yake, asihesabiwe kuwa amekusudia. Absalom alikuwa wa mwisho.

"Robo saa inamtosha mtu yeyote kumkumbuka Mungu," alisema. "Na mtu anayeamkia watu njiani, moyo wake umetulia. Namwona ana hatia."

Mkalimani akatafsiri, jaji akaandika. Kesho yake hukumu ikasomwa, kwamba Tom Oyare atanyongwa hadi afe. Mkalimani alisema kwa sauti ya chini mno, na Lornah, aliyekuwa ameketi nyuma na kitambaa jichoni, ilibidi amwulize mwenzake kumesemwa nini.

Jioni hiyo Absalom alimsimulia Dorca kila kitu, kuanzia kafi hadi kamba. Dorca alikuwa akichambua mboga za osuga kwenye ungo. Alisikiliza mpaka mume wake alipofika kwenye yule bibi na mguu wake, mikono ikasimama.

"Baba Risper," alisema, "wewe ulimpisha mama mmoja kiti kwenye basi."

Absalom hakuuliza basi gani.

Yalikuwa mambo ya mwaka wa arobaini na nane. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amekufa kwa surua, wakamzika nyumbani kwao upande wa Bondo, kisha wakarudi Kisumu kazini. Baada ya miezi sita habari zikawafikia kwamba Ochieng, mdogo wake Absalom, alikuwa ameng'oa ua wa mpaka na kupitisha jembe la ng'ombe juu ya kaburi la mtoto, akapanda mtama. Habari zilifika Jumatano. Absalom alifanya kazi Alhamisi, akafanya kazi Ijumaa, akipiga randa na kuongea na wenzake kama kawaida. Jumamosi alitia tezo, shoka lake dogo la kuchongea mbao, ndani ya mfuko wa gunia, akapanda basi. Dorca alimfuata kwa sababu aliona tezo haipo mahali pake. Ndani ya basi Absalom aliwasalimu watu, akampisha mama mmoja kiti, akambebea hata kuku wake. Alipofika nyumbani alimkuta Ochieng mlangoni, akaitoa ile tezo akaiinua ampige nayo. Dorca alimvuta shati kwa nyuma, na chuma kikazama kwenye mwimo wa mlango, upana wa kidole kimoja kutoka sikio la Ochieng.

Wakati huo Absalom alikuwa amekwisha kubatizwa miaka tisa. Ukoo uliyanyamazisha mambo hayo. Baadaye, uamsho ulipomgusa akasimama mbele ya ndugu wa kanisa kuungama dhambi zake, alisema tu kwamba alikuwa mtu wa hasira. Tezo hakuitaja.

"Siku tatu, Baba Risper," Dorca alisema. "Na huyu umempa robo saa."

Absalom hakula usiku huo, wala hakulala. Alijaribu kujitetea moyoni mwake. Alikuwa ameapa kusema kweli na alisema aliyoona ni kweli. Lakini kila alipoyarudia maneno yake ya mahakamani aliyasikia jinsi yalivyokuwa, maneno ya mtu aliyevaa koti la kanisa na kutazamwa na watu. Hakusema alichokijua. Alisema kilichompendeza msomaji wa kanisa kusema.

Asubuhi alikwenda kwa Kasisi Simeon Kangethe, aliyekuwa ameletwa Kisumu miaka mitatu kabla kutoka Nyeri kuwachunga Wakristo wa Reli na wa madukani. Akamweleza yote, pamoja na tezo. Kasisi alimsikiliza, kisha akamkumbusha mafundisho ya Paulo juu ya mtawala na upanga wake, kwamba serikali haikuubeba bure. Absalom akasema hakuja kugombana na serikali. Alitaka kujua kama Mkristo anayejua ndani yake jinsi mtu anavyoua anaweza kumpeleka mwenzake kwenye kamba kwa kujifanya hajui.

Kasisi akasema, bila kumtazama, kwamba kaka yake alinyongwa na wakoloni mwaka wa hamsini na nne wakati wa Hali ya Hatari.

"Nilikuwa mwanafunzi wa theolojia," alisema. "Niliyasoma hayo maneno ya Paulo kila siku mpaka nikaweza kulala. Usiniombe niyasome kwa namna nyingine sasa. Nitaanguka."

Hata hivyo alimwandikia barua ya kumfikisha kwa wakili aliyepewa Tom na serikali, Mhindi mmoja mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa. Wakili huyo hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba rufani ingekatwa, ila mahakama ya rufani ingetazama makaratasi na sheria, si majuto ya mzee wa baraza. Tena jaji angeweza kuamua vile vile hata wazee wote watatu wangekataa. Absalom akauliza je, yeye mwenyewe akienda kusema alidanganya? Wakili akamuuliza alidanganya nini hasa. Kwamba robo saa haitoshi? Kwamba yeye binafsi aliwahi kukaribia kuua? Hilo lingeonyesha tu kwamba hakufaa kuketi pale. Lililobaki, alisema, ni kuomba huruma ya serikali, na barua za namna hiyo mtu yeyote anaweza kuandika.

Kabla Tom hajapelekwa Nairobi, walikowekwa wanaongoja kunyongwa, Absalom aliruhusiwa kumwona katika gereza la Kisumu kwa sababu ya kazi yake ya kanisa. Waliketi pande mbili za meza, askari mlangoni. Kijana alikuwa amenyolewa, na vidole vyake havikutulia, vikifunga na kufungua mafundo yasiyokuwapo kwenye ukingo wa meza. Alimtambua mgeni wake mara moja.

"Mzee, wewe ndiye uliyesema robo saa."

Absalom akakubali.

"Mimi sikumbuki njia," Tom alisema. "Wanasema nilimwamkia yule bibi. Labda. Mimi namkumbuka mama chini, halafu naona Enos ameshika tonge. Katikati hapo hakuna kitu."

Ndipo Absalom akamweleza habari za kaburi la mtoto, na tezo, na kuku wa yule mama kwenye basi. Alieleza mpaka mwisho bila kujipunguzia kitu. Tom alimsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za kijiji asichokijua. Mafundo yakakoma.

"Ulikuwa unajua," alisema. "Kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu."

Tom akatikisa kichwa polepole, akauliza kama mama yake anaona kwa jicho lile jingine. Hakuuliza kitu kingine tena. Absalom alitaka kuomba pamoja naye, akafungua kinywa, na hakukuwa na sentensi hata moja iliyokubali kutoka. Askari akasema muda umekwisha.

Barua ya kuomba huruma aliiandika kwa wiki mbili. Aliandika alivyopiga tezo na mwaka wenyewe, akaandika kwamba maoni aliyompa jaji hayakuwa ya moyo wake bali ya cheo chake, akaomba kijana apewe kifungo hata cha maisha. Kasisi Simeon aliisoma akiwa amesimama. Alimuuliza kama anaelewa kwamba baraza la kanisa litayasikia haya, kwa kuwa barua kama hiyo haikai siri. Absalom alisema anaelewa. Kasisi akaketi, akatia sahihi chini yake.

Halafu Absalom alikwenda Dunga kumtafuta Lornah. Alikuwa amejitayarisha kutukanwa. Lornah alimpa kigoda, akamsikiliza hadi mwisho, jicho lake moja likiwa juu ya mikono yake mwenyewe. Absalom alipomaliza, mama huyo hakugusia mahakama wala tezo.

"Mzee, watanipa mwili?"

Absalom hakujua. Akaahidi kuuliza. Aliuliza kwa wakili, akauliza kwa bwana jela, akauliza hata kwa karani wa mkuu wa wilaya, na wote wakamjibu jibu moja, kwamba wanaonyongwa huzikwa ndani ya gereza. Alikaa na jibu hilo majuma matatu bila kwenda Dunga. Kila jioni alimwambia Dorca atakwenda kesho. Mwisho Dorca alijifunga kitambaa kichwani, akamshika mkono, wakaenda wote wawili, na ni Dorca aliyesema. Lornah alitoka nje akaelekea upande wa ziwa, akakaa huko mpaka jua likachwea. Hakurudi nyumbani mpaka wageni walipokuwa wameondoka.

Rufani ilikataliwa mwezi wa sita. Barua ya kuomba huruma haikupata jibu. Absalom aliandika nyingine, akaandika ya tatu. Kazini alianza kuharibu mbao. Msimamizi wake alimkuta amekata mlango wa meli mara mbili kwa kipimo kibaya, akamwambia aende akapumzike. Alijaribu kufunga kula. Alijaribu kukesha katika maombi, na katika maombi hayo alijikuta akimwambia Mungu mambo ya kutisha, kwamba kama kuna malaika wa kumvuta mtu shati, basi amtume sasa, au aseme wazi kwamba yule wa mwaka wa arobaini na nane alikuja kwa bahati tu.

Mwezi wa nane chifu alimpelekea Lornah karatasi. Tom alikuwa amekwisha kunyongwa siku tisa zilizopita.

Watu wa ziwani walijua la kufanya mtu wao alipopotea na mwili usipatikane. Walichukua tunda la mti wa yago, refu kama mkono wa mtu na zito, wakalifunga kwa nguo zake, wakalizika mahali pake. Ukoo ulikubali Tom azikwe hivyo, lakini nje ya ua, kwa kuwa alimwaga damu ya nyumba yao. Lornah alimtuma mtu kwa Absalom kumwomba aje asome.

Kasisi Simeon alikuwa wazi. Kanisa haliziki matunda, alisema, na kuhusu aliyenyongwa kwa kuua, wazee wa kanisa wangekuja juu. Kisha akaongeza kwamba siku hiyo ya Alhamisi yeye hatakuwapo mjini, ana ubatizo Sondu, na ufunguo wa sanduku la vitabu uko pale unapokaa siku zote. Absalom alielewa. Alichukua kitabu cha ibada, lakini kanzu aliiacha.

Siku ya Alhamisi walikuwa watu kumi na tano, si zaidi. Shimo lilikuwa fupi. Tunda lilikuwa limevalishwa shati la Tom la kijivu, vifungo vimefungwa vyote. Absalom alisoma vizuri mpaka alipofika pale maneno yanapoutaja mwili wa ndugu yetu, akakwama. Alitazama lile shati. Lornah alikuwa upande wa pili wa shimo.

"Sema hivyo hivyo," alimwambia. "Ndio niliopewa."

Akasema hivyo hivyo. Kisha akafunga kitabu na kuwaambia watu waliokuwapo yale aliyomwambia Tom gerezani. Aliwaambia kwamba yeye alibeba hasira siku tatu, akamwinulia chuma mtoto wa mama yake, na kwamba alipoulizwa mbele ya jaji kama hasira inapoa kwa robo saa alijibu kama mtu asiyejua hasira. Watu walisikiliza wakitazama chini.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbali na wengine, kando ya ua wa miti ya ojuok. Alikuwa Magdalene, mjane wa Enos. Absalom alipomtambua, alishtuka kugundua kwamba mwanamke huyo alikuwa amekaa mahakamani siku zote nne, naye hakukumbuka hata upande aliokaa. Katika barua tatu alizoandika, na katika usiku wote ule wa maombi, hakuwa amelitaja jina la Enos hata mara moja. Magdalene alingoja mchanga urudishwe shimoni, kisha akasogea.

"Mume wangu alikuwa mkatili," alisema. "Mimi mwenyewe nina alama zake. Lakini alikufa na chakula mkononi mbele ya watoto wake. Yeye nani alikuja kumsomea?"

Absalom akamwambia kwamba atakuja.

Wiki iliyofuata baraza la kanisa lilikutana. Walisema amezika tunda kwa kitabu cha kanisa, tena alificha dhambi ya damu kwa karibu miaka ishirini huku akisoma mbele za watu. Kasisi Simeon alijaribu kumtetea, akaulizwa yeye alikuwa wapi Alhamisi ile, akaketi. Absalom aliondolewa usomaji na kuzuiwa meza ya Bwana kwa mwaka mmoja. Hakubisha. Alichosikitika, alimwambia Dorca njiani, ni kwamba walikuwa wamemhukumu kwa mambo mawili ambayo hayakuwa lile la tatu, neno lake mbele ya jaji.

Jumamosi alikwenda kwa Magdalene. Alisoma sala juu ya kaburi la Enos, watoto wanne wakimtazama kutoka mlangoni. Magdalene alishukuru kwa neno moja. Jumamosi iliyofuata akaenda tena, akawapelekea unga na kuwarekebishia kitanda. Na nyingine akaenda. Alikuwa ameanza kuhisi kwamba pale, katika ua ule, kulikuwa na kazi ambayo angeweza kuifanya hadi mwisho wa maisha yake, na huenda mwisho huo ungemkuta ameinama chini ya mzigo uliopungua.

Jumamosi ya nne Magdalene alimpokea nje, kabla hajafika kwenye ua.

"Mzee Absalom, usirudi tena," alisema bila ukali. "Ukija wewe, watoto wanalikumbuka panga. Huyu mdogo analia usiku mpaka Jumanne. Najua unakuja kwa wema. Lakini unakuja kwa ajili yako."

Alimpokea unga aliouleta, akaingia ndani.

Absalom alirudi Kisumu kwa miguu, kwa njia ya juu, ile ndefu. Alimkuta Dorca anakoroga ugali. Alivua viatu, akaketi kwenye kiti cha mlangoni, akamweleza alivyoambiwa. Dorca alipika kwanza mpaka ugali ukaiva, akaupakua, akanawa mikono.

"Amesema kweli," alimwambia.

"Najua."

"Basi usirudi."

Hakurudi. Hilo lilikuwa gumu kuliko kwenda. Jumamosi zilipofika alikaa nyumbani mikono mitupu, na Dorca alikaa naye.